Lebo Haionekani: Kutafuta Kosa Unapotumia Chembe za Lentivirusi Zenye Jeni za Binadamu

Siku ya tatu baada ya kuambukiza seli kwa chembe za lentivirusi (virusi vilivyofanywa kubeba jeni hadi ndani ya seli), GFP, ile protini inayong'aa kijani, haiwaki, au utando wa westani bloti, kipimo kinachoonyesha protini kama mistari, umetoka mweupe pe. Hapo wengi hulaumu kichupa cha chembe na kuagiza kingine, na kichupa kingine kufika Nairobi ni wiki kadhaa na barafu kavu nyingi. Mara nyingi kichupa hakina hatia. Kosa liko kwenye seli, kwenye hesabu, kwenye dawa ya kuchujia, au kwenye lebo yenyewe, na kila kosa lina dalili yake ukijua pa kutazama.

Tunazungumzia chembe zinazonunuliwa zikiwa tayari: haziwezi kuzaana, zimevikwa VSV-G, protini ya virusi vingine inayozifungulia mlango wa seli, na zimebeba jeni ya binadamu ambayo mkiani mwake imeunganishwa na lebo, yaani kipande cha kuitambulishia protini, kwa kawaida Myc-DDK au GFP. Jinsi ya kuzitengeneza ni habari nyingine.

Usitafute mchawi kabla ya kuwa na vishimo vitano

Jaribio lisilo na kontroli (vishimo vya kulinganishia) halitatuliki. Kwenye sahani ileile, siku ileile, weka: seli tupu, seli na polibrini (kemikali inayosaidia chembe kushikamana na seli) peke yake, seli tupu na puromaisini (dawa ya kuchujia, inayoua seli zisizo na kinga yake), seli na chembe za kontroli zenye GFP bila jeni yako, na seli na chembe za jeni yako. Kontroli ya GFP iwe na promota (swichi ya kuwasha jeni) ileile na ganda lilelile. Ukilinganisha promota mbili tofauti, utakuwa unalinganisha maembe na mananasi.

Swali la kwanza ni hili tu: kontroli ya GFP inawaka? Ikiwaka, basi seli zako zinaambukizika, polibrini yako ni nzima, na mkono wako hauna tatizo. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya lebo na mistari. Isipowaka, anza hapa.

Hakuna kinachowaka, hata kontroli

Anza na safari ya kichupa. Mzigo uliokaa uwanja wa ndege wa JKIA ukisubiri karatasi unaweza kufika barafu kavu ikiwa imebaki vipande viwili. Pima uzito wa barafu siku ya kupokea na uandike, usome kirekodi cha joto kama kipo, na upige picha kabla ya kufungua. Kama kulikuwa na umajimaji ndani ya kichupa, hesabu kwamba kimeyeyuka mara moja tayari. Jambo jingine ambalo halisemwi sana: gesi ya barafu kavu hupenya kwenye kifuniko kisichokaza na kuufanya mchanganyiko kuwa wa asidi, na chembe hizi hazipendi asidi. Ukipokea, hamishia vichupa kwenye friza ya −80 na uviache usiku kucha kabla ya kuyeyusha chochote, gesi itoke.

Kuganda na kuyeyuka kila mara hupunguza chembe hai kwa kiasi kikubwa. Mara ya kwanza unapoyeyusha, yeyusha kwenye barafu, gawanya mikrolita 25 hadi 50 kwa kila kichupa kidogo, na urudishe −80 papo hapo. Friza ya −20 haitoshi, hata kwa wikendi moja. Stima ikipotea, usifungue mlango wa friza kuangalia kama bado ni baridi. Kufungua huko ndiko kunakopasha joto.

Kama kichupa kilitunzwa vizuri, fanya hesabu upya. Kanuni ni: idadi ya seli mara MOI, gawanya kwa taita. MOI ni wastani wa chembe hai kwa kila seli. Taita ni chembe hai kwenye mililita moja, na huandikwa TU/mL. Seli 50,000 kwa MOI ya 5, na taita ya 1×10⁷ TU/mL, ni mililita 0.025, yaani mikrolita 25. Makosa mawili hujirudia. La kwanza, mtu huhesabu seli alizopanda jana, ilhali usiku zimeongezeka. Hesabu seli za kishimo kimoja cha ziada asubuhi ya kuambukiza. La pili, taita iliyoandikwa kwenye cheti ilipimwa kwa p24, protini ya ganda la ndani. Kipimo hicho huhesabu maganda yote, mazima na mabovu, na maganda huwa mengi kuliko chembe hai kwa mara 100 hadi 1,000. Ukiyachukua kama TU, MOI yako ya 5 kwa kweli ni 0.05 au chini yake.

Hata TU ya kweli ilipimwa kwenye seli rahisi, mara nyingi HEK293T au HT1080. Seli zako zinaweza kuhitaji mara kumi ya hiyo. Kwa hiyo seli mpya usizipe MOI moja. Zipe 1, 5, 10 na 20, kisha uchague.

Na usitarajie MOI ya 1 iambukize seli zote. Chembe hutua kwa bahati, kama matone ya mvua kwenye vigae: kwa MOI ya 1, asilimia 37 ya seli hazipati hata chembe moja. Kwa MOI ya 3, asilimia 95 zimepata. Kwa 0.3, ni asilimia 26 tu, lakini nyingi ya hizo zina nakala moja, na hicho ndicho unachotaka kama unatafuta wingi wa protini unaokaribia wa asili.

Polibrini huondoa mvutano wa umeme unaozifanya chembe na seli zisukumane. Kiwango ni mikrogramu 4 hadi 8 kwa mililita. Ukiisahau, maambukizi hushuka sana. Iliyokaa kwenye friji miezi mingi baada ya kuzimuliwa, itupe. Seli zisizoivumilia, neva hasa, zipe protamini salfeti, mikrogramu 5 hadi 10 kwa mililita.

Seli ngumu, hasa zinazoelea, zinaweza kusaidiwa kwa kuzungusha sahani kwenye sentrifuji, 800 × g kwa dakika 30 hadi 90 kwenye nyuzi 32. Angalia neno "× g". Maabara nyingi zina mashine inayoonyesha mizunguko kwa dakika pekee. Kwa rota yenye kipenyo nusu cha sentimita 17, 800 × g ni takriban mizunguko 2,050. Rota yako ikiwa fupi zaidi, mizunguko hiyohiyo inakupa nguvu ndogo kuliko unavyodhani. Kipimie kwa rula, kutoka katikati hadi chini ya sahani.

Seli zenyewe zinakataa

Hapa ndipo Nairobi ina tatizo lake, kwa sababu maabara nyingi za virolojia jijini zina Vero tele kwenye naitrojeni. Vero ni seli za figo ya tumbili wa kijani wa Afrika, zilizoanzishwa Japani mwaka 1962. Tumbili huyu, kama nyani wengine wa Dunia ya Kale, ana protini iitwayo TRIM5α, inayolinasa ganda la HIV-1 punde tu linapoingia ndani ya seli. Chembe zako zimevikwa VSV-G kwa nje, lakini ganda la ndani ni la HIV-1. VSV-G inazifungulia mlango, kisha TRIM5α inazivunja ukumbini. Ukiongeza dozi sana unaweza kuizidi nguvu, lakini ni gharama. COS-7 na CV-1 ni za tumbili huyohuyo. Seli za ng'ombe pia zina kizuizi cha aina hii, na hilo linawahusu wanaofanya kazi ya mifugo kule Kabete. Kama lengo lako ni jeni ya binadamu, tumia seli za binadamu. Ushauri huu unaonekana wa kitoto hadi umtazame mtu akimaliza kichupa kizima kwenye Vero.

Seli za binadamu nazo zina zake. Monositi na makrofaji wana SAMHD1, inayopunguza malighafi za kujengea DNA hadi virusi vikose vya kutumia. Seli T zilizolala hazina vipokezi vya kutosha vya LDL (vibeba kolesteroli), ambavyo ndivyo mlango wa VSV-G. Ziamshe kwanza kwa kingamwili za CD3/CD28 na IL-2 (protini ya kuamsha seli T), siku moja hadi mbili, ndipo uambukize. Seramu ya binadamu isiyopashwa joto ina komplementi (protini za kinga) inayoharibu VSV-G; ipashe nyuzi 56 kwa dakika 30, au usiiweke kabisa saa za maambukizi.

Maikoplazma (bakteria wadogo wanaovamia seli za maabara) haionekani kwa darubini ya kawaida, haibadilishi rangi ya midia (maji ya kulishia seli), na hupunguza karibu kila kitu unachopima. Pima kwa PCR kila mwezi. Kama hujapima miezi sita, pima leo, kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

Halafu kuna mwinuko. Jiji liko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni takriban nne ya tano ya lile la Mombasa. Asilimia 5 ya CO2 hapa ni sawa na kama asilimia 4 kule pwani, na pH ya midia hupanda kwa takriban 0.1. DMEM, aina moja ya midia, yenye gramu 3.7 za bikaboneti kwa lita iliundwa kwa CO2 ya asilimia 10, kwa hiyo huku juu ndiyo inayogeuka zambarau mapema zaidi. Usibishane na skrini ya inkubeta. Weka midia bila seli ndani yake usiku kucha, kofia imelegezwa, kisha upime pH upesi asubuhi. Ikizidi 7.4, panda hadi asilimia 6 kwa RPMI (midia nyingine), au zaidi kwa DMEM, hadi ikae kati ya 7.2 na 7.4. Seli zilizochoka kwa pH hustahimili polibrini vibaya, na mtu husema virusi vimeziua.

Seli zinakufa kabla hata ya dawa

Tazama kishimo cha polibrini peke yake. Zikifa humo, punguza hadi 4, au badilisha midia baada ya saa 6 badala ya 24. Zikiwa hai humo lakini zinakufa kwenye GFP na kwenye jeni yako pia, dozi ya chembe ni kubwa au mchanganyiko una uchafu wa kiwandani. Punguza MOI kwa nusu mara mbili mfululizo.

Zikifa kwenye jeni yako tu, jeni yenyewe ndiyo sumu. Hili si kosa la mtu. Protini nyingi zinazosimamisha mgawanyiko wa seli au kuanzisha kifo cha seli haziwezi kuvumiliwa kwa wingi. Hama kwenye promota dhaifu kama PGK, au kwenye mfumo unaowashwa kwa doksisaiklini. Kumbuka seramu nyingi za ndama zina mabaki ya tetrasaiklini, nayo huwasha jeni bila ruhusa, nunua iliyopimwa.

Puromaisini haiui, au inaua zote

Kabla ya kila aina mpya ya seli, na kila chupa mpya ya dawa, tafuta kiwango kwa vishimo sita: 0, 0.5, 1, 2, 3 na 5 mikrogramu kwa mililita. Chagua kiwango cha chini kabisa kinachoua seli tupu zote ndani ya siku tatu. HEK293T, HeLa na A549 kwa kawaida huangukia 1 hadi 2. Anza kuchuja saa 48 baada ya maambukizi. Ukianza saa 24, unaziua zile ambazo bado hazijatengeneza kinga.

Kama seli zilizoambukizwa zinakufa zote ilhali GFP inawaka vizuri, soma ramani ya vekta (DNA inayobeba jeni ndani ya chembe). Vekta nyingine zenye Myc-DDK hazina jeni ya kinga ya puromaisini kabisa. Zinauzwa kwa majina yanayokaribiana sana na zile zilizo nayo. Na ukiamua kubadilisha dawa, usitumie G418 kwenye HEK293T. Seli hizo tayari zina kinga yake tangu zilipoongezewa protini ya T kubwa ya virusi vya SV40. Zitaishi zote, utashangilia, na hakutakuwa na jeni ndani.

Kama zinapona lakini hazionyeshi jeni, tazama mpangilio. Jeni na kinga zikiwa na promota mbili tofauti, seli inaweza kunyamazisha moja na kubaki na nyingine. Zikiunganishwa kwa P2A, kipande kinachozifanya zitoke kwenye promota moja kama protini mbili, haiwezi kirahisi.

RNA ipo tele, protini hakuna

Kwanza, hakikisha RNA ipo kweli. Wengi huamini vianzio vya PCR vinavyovuka introni (sehemu za jeni zinazoondolewa kwenye RNA) vinawalinda dhidi ya DNA. Kwa jeni ya kawaida, ndiyo. Kwa lentivirusi, hapana: jeni iliyoingizwa haina introni, kwa hiyo DNA yake na cDNA yake (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) zinafanana. Bila DNase, kimeng'enya kinachobomoa DNA, na bila kishimo kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA, unachopima huenda ni DNA iliyokaa kwenye jenomu. Tofauti ya kishimo hicho na cha kawaida ikiwa chini ya mizunguko mitano ya PCR, rudia.

RNA ikiwa ya kweli, protini inaweza kuwa inatengenezwa na kubomolewa hapohapo. Weka MG132, dawa inayozuia ubomoaji wa protini, mikromolari 10 kwa saa 4 hadi 6, kisha uvune. Mstari ukijitokeza, umejua. Kama protini yako hutolewa nje ya seli, tafuta kwenye midia, si kwenye seli. Hili hutokea kuliko watu wanavyokiri.

Mstari uko mahali pasipo pake

Hesabu kwanza unatarajia nini: idadi ya asidi amino mara 110, unapata uzito wa karibu kwa daltoni. GFP huongeza kilodaltoni 27. Myc-DDK huongeza chache tu. Kama vekta ina P2A, asidi amino kama 20 hubaki mkiani mwa protini yako; usishtuke.

Kwenye Myc kuna mtego. Kingamwili ya 9E10 inatambua kipande cha protini ya MYC ya binadamu, na seli za binadamu zinayo yake. Mstari karibu na kilodaltoni 60 unaoonekana pia kwenye seli tupu ndio huo, na kwenye HeLa huwa mkubwa, kwa kuwa jenomu ya virusi vya HPV18 imekaa karibu na MYC. Tumia DDK kupima. DDK ndiyo FLAG kwa jina lingine, mfuatano DYKDDDDK, na kingamwili ya M2 inaitambua bila shida.

Mstari mmoja wa kilodaltoni 27 ukiwa na lebo ya GFP maana yake GFP imekatika na kubaki peke yake. Mwanga wa kijani kwenye darubini basi haukuambii protini yako iko wapi. Mstari mrefu unaosambaa juu ni glikosilesheni (sukari zilizounganishwa na protini). Tibu kwa PNGase F, kimeng'enya kinachokata sukari hizo, uone ukishuka. Mstari uliokwama juu kabisa ya jeli, kwa protini yenye vipande vingi vya utando, umetokana na kuchemsha. Acha nyuzi 95, na huku maji huchemka karibu nyuzi 94 hata hivyo. Pasha nyuzi 37 kwa dakika 30.

Baada ya kunasa protini kwa kingamwili, mistari ya kilodaltoni 50 na 25 ni minyororo ya kingamwili yenyewe.

Sasa ile hali inayochosha watu kuliko zote: jeni ipo, RNA ipo, kingamwili ya protini yenyewe inaiona, lebo haionekani. Lebo iko mkiani, na kuna protini ambazo mkia wake hukatwa kwa asili. Protini zinazoshikilia utando kwa GPI, nanga ya mafuta, hukatwa mkia ndani ya seli, na lebo yako huondoka nao. Zile za familia ya RAS huishia kwa mfuatano wa CAAX, ambako mafuta hupachikwa. Lebo ikiwekwa baada yake, protini haipati mafuta yake na hubaki ikielea badala ya kwenda kwenye utando. Lebo itaonekana vizuri sana, lakini protini iko mahali pabaya, na hilo ni baya zaidi kwa sababu halikushtui. Zenye KDEL mkiani, mfuatano unaozibakiza kwenye retikulamu ya endoplazimu, hupoteza anwani yao. Kwa hizi agiza lebo ya mbele, isipokuwa protini ina kipande cha kuiongoza mwanzoni au hupakwa mafuta ya miristiki. Hapo weka lebo katikati au utumie kingamwili ya protini yenyewe.

Kwenye darubini, fiksi GFP kwa parafomaldehidi asilimia 4, dakika 10 hadi 15. Methanoli inaizima.

Ilikuwepo, sasa imepotea

GFP iliyowaka saa 24 na kufifia siku ya saba bila dawa huenda haikuwa maambukizi. Protini au plasmidi za kiwandani hubebwa pamoja na chembe na kumwagwa kwenye seli, zikaisha. Ndiyo maana hukumu hutolewa siku ya tatu na tena siku ya kumi, si kesho yake.

Ikififia baada ya wiki nyingi, promota ya CMV imenyamazishwa, hasa kwenye seli shina. Rudisha puromaisini kwa nusu ya kiwango, au chuja seli zinazowaka kwa saitomita. Promota ya EF1α hudumu zaidi.

Kwa usafi: kila kitu kilichogusa chembe kiwekwe kwenye hipokloriti ya asilimia 0.5 kwa dakika 20 angalau. Jik ya asilimia 3.5 ni sehemu moja kwa sita za maji. Tayarisha kila siku, na usome asilimia kwenye chupa kwanza. Kama jeni yako inahusishwa na saratani, usitumie sindano wala vioo, na kuchomwa kwa bahati mbaya kuripotiwe saa hiyohiyo, si baada ya chakula cha mchana. Kibali cha kamati ya usalama wa kibayolojia ya taasisi, chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2009, kiwe kimetoka kabla ya kichupa kuagizwa.

Seli zikionyesha protini unayoitaka, gandisha vichupa kumi kwenye pasaji (uhamisho wa seli kwenda chombo kipya) ya pili au ya tatu, vitano kwenye tangi moja la naitrojeni na vitano kwenye jingine, uandike MOI na namba ya kundi la chembe kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli.